Kovu si kupona: mikono tunayoipoteza Singida huku tunaitazama

Ukikaa Singida muda wa kutosha utazoea kupewa mkono wa kushoto. Mzee anashuka kwenye gari la Ilongero, anakunyooshea kushoto na kuwahi kujitetea: "Samahani mwanangu, huu mwingine hauna nguvu." Kijana wa bodaboda anapokea nauli kwa kushoto. Mama anayechambua vitunguu pale Misuna anabana kitunguu kwa kiganja na kifua, kisu kikiwa mkono usio wake wa kazi. Ukiutazama mkono wenyewe hukuti kidonda. Utaona kovu, pengine dogo lenye urefu wa njiti ya kiberiti, juu kidogo ya kiganja. Ukiuliza utaambiwa ulipona zamani, ila haujarudi.

Wahenga walituonya kwamba mwenye kovu usidhani kapoa, nasi tumeuchukulia msemo huo kuwa ni habari ya machungu ya moyoni. Mimi nasema tuuchukue kama ulivyo. Mkoa wetu unapoteza mikono mingi ambayo ingeokolewa. Uhaba wa madaktari wa upasuaji una sehemu yake, lakini sababu iliyo karibu zaidi ni kwamba kuanzia nyumbani hadi zahanati tunaangalia ngozi tu. Ngozi ikishafunga, tumemaliza. Mshipa wa fahamu, yaani neva, uliokatika chini ya ngozi hiyo hauna wa kuuulizia, na una muda wake ambao ukipita haurudi. Kinachouma zaidi ni kwamba kipimo cha kuugundua huchukua dakika moja, hakihitaji mashine, na kila wilaya ya mkoa huu ina mtumishi wa afya aliyefundishwa kukifanya. Tumekiacha kitumike kwa ugonjwa mmoja peke yake.

Milimita moja kwa siku

Uhai wa mkono unaanzia shingoni. Mizizi mitano ya neva hutoka kwenye uti wa mgongo, hupita chini ya mtulinga, husukana kuelekea kwapani, kisha hugawanyika. Matawi matatu ndiyo yanayoendesha kiganja. Moja huzunguka nyuma ya mfupa wa juu wa mkono, na likiumia kiganja huanguka, mtu asiweze kukiinua hata kwa kupokea kikombe. La pili hupita katikati ya kifundo cha mkono, karibu sana na ngozi. Hilo ndilo linalohisi kwa niaba ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, na ndilo linalokigeuza kidole gumba kikutane na wenzake. La tatu hupita nyuma ya kiwiko, pale ambapo ukijigonga kwenye kona ya meza ganzi hukimbia hadi kidole kidogo. Likifa hilo, kidole kidogo na cha pete hujikunja kama makucha na nguvu ya kubana huisha. Wazee waliosema kidole kimoja hakivunji chawa walijua kwamba kazi ya mkono ni vidole kukutana, na neva ndizo zinazovikutanisha.

Herbert Seddon, daktari wa upasuaji wa Uingereza aliyewatibu majeruhi wa Vita Kuu ya Pili, aliandika mwaka 1943 kwamba majeraha ya neva ni ya aina tatu, na mgawanyo huo unatumika hadi leo. Neva iliyobanwa tu hulala siku au wiki kadhaa, kisha huamka yenyewe. Neva ambayo nyuzi zake za ndani zimekatika huku ganda la nje likiwa zima, huota upya polepole. Iliyokatika kabisa haijiungi. Ncha zake mbili hurudi nyuma, kovu huota katikati, na hapo hakuna dawa ya kupaka wala ya kunywa itakayozikutanisha. Inatakiwa kushonwa.

Hata ikishonwa, huota kwa kasi ya milimita moja hivi kwa siku. Hebu tupige hesabu. Aliyekatwa kwenye kifundo cha mkono ana sentimita 17 hivi kufika ncha za vidole, yaani karibu miezi sita. Aliyeumia kwapani ana zaidi ya nusu mita mbele yake, mwaka mmoja na nusu au zaidi. Na msuli hausubiri. Usipopata amri ya neva hunyauka, na baada ya mwaka mmoja au mmoja na nusu huwa umegeuka nyuzi na mafuta, kiasi kwamba hata neva ikifika haikuti kitu cha kuamsha. Ndiyo maana wiki za kwanza ni mali. Mtu anayekuja hospitali mwaka wa pili akisema "nilidhani utarudi wenyewe" hakufanya uzembe. Hakuna aliyemwambia kwamba kulikuwa na saa inayohesabu.

Panga, mkanda wa mashine na fito

Singida inaishi kwa mikono. Alizeti inalimwa kwa jembe, inakatwa vichwa kwa mkono na kupigwa kwa fimbo. Vitunguu hung'olewa na kukatwa majani kwa kisu, kimoja baada ya kingine, toka asubuhi hadi jua kuzama. Kina mama wanagonga kokoto kandokando ya miamba. Huko Iramba, ambako dhahabu ya Sekenke ilianza kuchimbwa enzi za Wajerumani, na Ikungi pia, vijana wako mashimoni na nyundo. Katika mkoa wa watu takriban milioni 2, unategemea mikono mingapi iumie kila msimu?

Jeraha linalotudanganya kuliko yote ni la panga au kioo kwenye kifundo cha mkono. Damu inatisha, kwa hiyo kila mtu anashughulika na damu. Inazibwa kwa khanga, mgonjwa anapakiwa kwenye pikipiki, anafika zahanati, anachomwa sindano ya ganzi, anashonwa ngozi na kurudi nyumbani na vidonge. Kila aliyemhudumia amefanya kazi kwa moyo. Lakini hakuna aliyemwuliza, kabla ya sindano ya ganzi, kama alikuwa akihisi ncha ya kidole cha shahada. Baada ya ganzi swali hilo halina maana tena, kwa sababu vidole vyote vinaweza kuwa vimekufa ganzi. Mgonjwa naye anarudi nyumbani akiamini kwamba ganzi anayoisikia ni ya sindano, kisha ya kidonda, kisha ya uvimbe. Mwezi wa tatu anaanza kuogopa.

Mashine za kukamua alizeti zina mikanda isiyofunikwa. Mkanda ukinasa mkono wa shati au ncha ya khanga, huvuta kabla mtu hajapiga kelele, na mfupa ukivunjika neva nayo huwa imevutwa au kuchanika. Bodaboda ina jeraha lake: dereva huangukia bega, kichwa kikaenda upande mmoja na bega upande mwingine, na ile mizizi mitano ya shingoni ikavutika au kung'oka. Mkono wote unaning'inia. Mara nyingi huambatana na maumivu ya kuunguza yasiyolala usiku, na ndugu, wakiona hakuna kidonda, wanaanza kuwaza mambo ya kishirikina.

Nataka nikae kidogo kwa watoto, kwa sababu hapa hasara ni kubwa na kuizuia ni rahisi. Mtoto wa miaka sita anaanguka kutoka kwenye mwembe au kwenye mkokoteni wa punda, anatanguliza mkono, mfupa unavunjika juu kidogo ya kiwiko. Familia inampeleka kwa fundi wa mifupa wa kijijini. Siwadharau mafundi hawa. Wapo wenye mikono ya hekima, na wapo karibu kuliko hospitali. Lakini fito zikifungwa kwa kukazwa juu ya kiwiko kinachoendelea kuvimba, damu haipiti. Mtoto analia usiku kucha. Vidole vinakuwa baridi, vimevimba, na ukivinyoosha taratibu anapiga yowe. Anaambiwa avumilie, mfupa unaunga. Lakini misuli isiyopata damu huanza kufa ndani ya saa sita hivi, na neva zilizo katikati yake hufa nazo. Mjerumani Richard von Volkmann alieleza mkono wa namna hii mwaka 1881: kiganja kimepinda, vidole vimejikunja, mkono mwembamba na mgumu. Mtoto huyo atakuwa nao hivyo akioa, akilima, akizeeka. Mchelea mwana kulia hulia yeye, tunasema, lakini mtoto aliyefungwa fito akilia usiku, kilio chake ndiyo taarifa muhimu kuliko zote ndani ya nyumba. Fungua fito. Zilegeze usiku huohuo, usisubiri kukuche, kisha umpeleke hospitali.

Hatari hiyohiyo ipo kwenye kamba tunayoikaza juu ya mkono uliogongwa na nyoka. Mgonjwa anasafirishwa kwa saa nne au tano akiwa amefungwa, na pengine nyoka hakutia hata sumu, lakini kamba imekwisha kufanya kazi yake. Na kwa watoto wachanga ambao bega lilikwama wakati wa kuzaliwa na mkono ukalegea, mama ajue kwamba wengi hupona wenyewe. Ila ikifika miezi mitatu mtoto hawezi kukunja kiwiko, aonwe na bingwa.

Mkono usiohisi ndani ya nyumba

Namfahamu mama mmoja ambaye neva ya katikati ya kifundo chake cha kulia ilikatwa na kipande cha kioo. Siku moja alikuwa akisonga ugali wa uwele huku tukizungumza. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimeegemea ukingo wa sufuria. Aliendelea kusonga na kuongea. Harufu ndiyo iliyomshtua. Aliinua kidole akakitazama kama cha mtu mwingine, akakifunga kitambaa, akaendelea. Kidole hicho kilikuwa na makovu mengine matatu ya namna hiyo. Siku hizi anapima joto la maji ya kumwogeshea mjukuu kwa kiwiko, na hashoni tena, kwa kuwa hawezi kujua kama ameshika sindano mpaka aitazame.

Huyo ana kiganja kizima machoni pa jirani, na hapo ndipo ugumu unapoanzia. Aliyekatwa mguu hupishwa kiti. Mwenye mkono usio na neva anaonekana mzima, kwa hiyo anaitwa mvivu. Anaambiwa anajidekeza. Mwanamume asiyeweza kubana mpini wa jembe anaanza kuombea watoto wabaki nyumbani msimu wa kulima, na mwalimu anaandika "mtoro" kwenye daftari la mahudhurio. Ekari tatu za alizeti zinakuwa moja. Mkono mmoja haulei mwana, na kaya nyingi zimejifunza maana ya methali hiyo kwa njia ngumu: mke ndiye anayelima, anayekata kuni, anayemfunga mume vifungo vya shati kabla ya ibada.

Na kuna aibu ya kula. Kwetu chakula ni cha mkono wa kulia. Mtu ambaye kidole gumba hakikutani na vingine hawezi kumega tonge la ugali likashika mlenda, na kutumia kushoto kwenye sinia la pamoja hakupendezi. Nimeona wanaume wakikataa chakula msibani, wakisema wameshiba.

Sheria zetu nazo zinamwona nusu mwenye mkono usio na neva. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Ni wangapi wenye mkono wa namna hii wanaojua kwamba wanaweza kuwa miongoni mwao? Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilizaa mfuko wa WCF ulioanza kazi 2015, na mwajiri yeyote anatakiwa kujisajili na kuchangia. Mwenye mashine ya alizeti aliyemweka kijana wa kulisha mbegu ni mwajiri, hata kama walikubaliana kwa mdomo tu. Kijana akiumia hupewa nauli na pole. Anayelima shamba lake mwenyewe hana hata huyo wa kumpa nauli.

Wanaojua kupima wapo chumba cha pili

Sasa nije kwenye ule ugonjwa mmoja. Ukoma ni maradhi ya neva. Bakteria aliyegunduliwa na Gerhard Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873 hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, na neva inayopita nyuma ya kiwiko ni mojawapo ya makazi yake makuu. Vidole vya mgonjwa wa ukoma havidondoki kwa laana. Neva inakufa, hisia inaondoka, kisha moto na majeraha yasiyosikika yanamaliza vidole kidogo kidogo. Singida inalijua hili. Makazi ya wazee ya Sukamahela, wilayani Manyoni, yamewatunza kwa miaka mingi watu walioachiwa mikono ya namna hiyo.

Kwa sababu ya ukoma, Tanzania ilijifunza kuthamini neva. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na kila wilaya ina mratibu wake. Mratibu huyo amefundishwa kuipapasa neva kwenye kiwiko, kumwambia mgonjwa atoe nje kidole kidogo, ainue gumba, ainue kiganja, huku akiweka upinzani kwa kidole chake. Anagusa kiganja kwa ncha ya kalamu ya wino, mgonjwa akiwa amefumba macho, na kuandika alipohisi na asipohisi. Anarudia hivyo kila ziara. Akiona nguvu imepungua hivi karibuni, ndani ya miezi sita, mgonjwa huanzishiwa vidonge vya kutuliza uvimbe wa neva, na mikono mingi imeokolewa hivyo. Hayo yote hufanyika kwa kalamu na fomu, na dawa za ukoma hutolewa bure.

Chumba cha pili, katika jengo hilohilo, mtu aliyekatwa na panga anashonwa bila kuguswa na kalamu hiyo. Hapa ndipo ninapolalamika kwa sauti. Ujuzi umo ndani ya nyumba yetu, umelipiwa tayari, na haujavuka ukuta. Kwa nini mganga mkuu wa wilaya asimtake mratibu wa ukoma kuwafundisha wote wanaoshona vidonda, kuanzia zahanati ya kijiji? Mafunzo ya asubuhi moja yanatosha. Kwenye kila jeraha la mkono, kabla ya ganzi: mguse ncha ya kidole cha shahada, ncha ya kidole kidogo, na mgongo wa mkono kati ya gumba na shahada. Mwambie anyanyue gumba kama anayeomba lifti, afanye duara kwa gumba na shahada, atawanye vidole vyote. Andika kwenye kadi alichoweza na alichoshindwa. Mtoto wa miaka minne anaweza kupimwa hivyo kama mchezo.

Baada ya kipimo

Najua jibu nitakalopewa: tukishapima, tumpeleke wapi? Ni swali la haki. Kushona neva kunataka daktari aliyezoea, nyuzi nyembamba na kioo cha kukuza, na madaktari wengi wa namna hiyo wako Taasisi ya Mifupa Muhimbili, KCMC Moshi na hospitali nyingine kubwa. Dodoma ni kilomita 240 hivi kutoka hapa, Dar es Salaam ni mbali zaidi, na kadi ya bima ya CHF iliyoboreshwa, ambayo kaya ya watu sita ilikuwa ikilipia shilingi 30,000 kwa mwaka, ilipangwa iishie hospitali ya rufaa ya mkoa. Familia inauza mbuzi, kisha ng'ombe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na wabunge wetu wa Singida wana wajibu wa kuhakikisha kwamba upasuaji wa neva na mazoezi ya viungo vinakuwa ndani ya kitita, kwa sababu mkulima aliyepoteza mkono hatachangia bima mwaka unaofuata.

Lakini si kila kitu kinasubiri Dar es Salaam. Kiganja kilichoanguka kinahitaji kishikizo ili viungo visigande wakati neva inaota, na kishikizo kinaweza kutengenezwa kwa plasta, kwa ngozi, hata kwa kipande cha bomba la plastiki lililolainishwa kwa moto. Chuo cha TATCOT pale KCMC kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia na vishikizo tangu 1981, na KCMC hiyohiyo hufundisha wataalamu wa mazoezi na wa tiba kwa vitendo. Halmashauri zetu ziwaajiri na kuwapa vifaa. Mgonjwa naye afundishwe kuvikunja na kuvinyoosha vidole vyake kwa mkono mzima kila siku, kutazama kiganja kila jioni kama kimeungua, na kufunga mishikio ya sufuria kwa kitambaa kinene.

Hata aliyechelewa hajafikia mwisho. Paul Brand, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940, alionyesha kwa mikono ya wagonjwa wa ukoma kwamba kano ya msuli mzima inaweza kuhamishwa ikafanya kazi ya msuli uliokufa. Kwa kiganja kilichoanguka, upasuaji huo hurudisha uwezo wa kukiinua hata baada ya miaka. Haurudishi hisia, ila unarudisha mshiko wa jembe.

Kama nyumbani kwako kuna mtu aliyekatwa au kuvunjika mkono na bado hahisi kidole au hawezi kukiinua, hesabu miezi tangu aumie. Ikiwa haijafika sita, mpeleke hospitali ya wilaya wiki hii na umwambie daktari waziwazi kwamba mmekuja kwa ajili ya neva, maana kidonda kimekwisha kufunga. Ikiwa imepita, nenda hata hivyo, na uombe rufaa kwa daktari wa upasuaji anayehamisha kano. Kama iliyo karibu nawe ni zahanati tu, ulizia mratibu wa ukoma wa wilaya. Anajua pa kuanzia.